Kaka Aliniogesha Dawa ya Ng'ombe

Nina miaka kumi na tisa, niliishia darasa la saba. Mimi si mtu wa maneno mengi, na haya nimeyaandika polepole... Naomba mnivumilie.

Tangu utotoni nina madoa ya kahawia mgongoni na kifuani. Yakisuguliwa yanavimba na kuwasha kama upupu. Wazazi walipofariki, kaka yangu Masanja alinichukua, nikamchungia ng'ombe bonde la Usangu. Kwa utani aliniita Kanga, yule ndege wa madoadoa, nami nilicheka. Nilimpenda kuliko mtu yeyote.

Mwaka jana mkewe alijifungua. Mtoto akatoka vipele. Kaka akasema nimemwambukiza.

"Vua shati, Kanga," aliniambia zizini. "Leo tunamaliza."

Nikadhani ni utani... Akanifunga mikono kwenye nguzo kwa kamba ya ng'ombe. Akachukua gunzi, akanisugua kwa nguvu zake zote. Kila doa likanyanyuka, jekundu. Kadiri yalivyovimba ndivyo alivyozidi.

"Unaona ugonjwa unavyotoka? Tulia, mdogo wangu. Ndama wote wanapona hivi."

Nilimwambia yanavimba kwa sababu anayasugua. Akanipiga kofi, kisha teke la mbavu. Mgongo ukachuruzika damu. Ndipo akanimwagia dawa ya kuogeshea ng'ombe, bila hata kuichanganya na maji. Ikaingia jicho la kushoto... Ni ndugu gani anayemfanyia hivyo ndugu yake? Pumzi ikakatika, nikabaki nimening'inia.

Aliyekata kamba ni shemeji.

"Mtoto ana vipele vya joto, we Masanja! Unaua mtu kwa vipele vya joto?"

Kaka akampiga naye fimbo ya mgongo. Shemeji hakuniachia. Alinipakia kwenye bodaboda, akanishikilia hadi hospitali.

Daktari alipitisha mpini wa kijiko juu ya doa moja, likavimba. Akasema hapo kuna chembe za mwili zilizojazana kwenye ngozi. Zikichokozwa zinamwaga kitu kinachovimbisha, na zikichokozwa sana mtu anaweza hata kuzimia. Wapo watoto na watu wazima wenye hali hii. Haiambukizi.

Jicho halikupona.

Sasa naishi Iringa kwa shangazi. Kaka alikuja, akalia, nikamwambia nimemsamehe. Lakini aliponyoosha mkono anishike bega, nilijikuta nimeshakimbilia nyuma ya mlango...

Wasomaji wenzangu, ngozi msiyoielewa ipelekeni hospitali. Dawa ya mifugo iacheni zizini. Na mtu akiwaambia anaumia, mwaminini. Mimi nilisema. Kaka alinisikia vizuri kabisa... hakuniamini tu.