Mpangaji wa Shavu la Mguu

Ijumaa asubuhi mguu wa kulia wa Emmanuella uliamka kabla yake. Yeye alikuwa bado ameketi kitandani akitafuta kandambili, akili nusu iko usingizini, mguu ukajikunja, ukakanyaga sakafu, ukasukuma. Akajikuta amesimama. Akacheka. Watu wa shule njo walivyo: kitu kikiwashinda wanakiita uchovu, halafu wanakunywa chai.

Alikuwa anarudia mwaka wa kwanza wa uuguzi hapa Kalemie. Akianguka tena katika anatomia, shule inamwondoa, basi, arudi kwao kaskazini ya ziwa akaanike ndagala na wale wale aliowaaga kwa kiburi. Kwa hiyo alikuwa anabloke, anakariri kwa sauti, kama wanafunzi wote wa mji: unagusa kiungo chako, unataja jina lake la Kilatini, unagusa tena, mpaka mwili wenyewe unakuwa daftari.

Kosa lake ni kubloke Alhamisi alasiri. Nyumba aliyopanga chumba ni ya Mama Hidaya, mjukuu wa Waislamu waliovuka ziwa zamani na biashara zao, na kila Alhamisi alasiri Mama Hidaya huwasha ubani kwa ajili ya wazee wake. Moshi ukiwa unapanda, mule ndani hakuna anayegusa kiungo na kukitaja. Hata mtoto akiumwa na tumbo anasema "huku" tu. Ukikigusa na kukitaja ndani ya moshi, umekikabidhi kwa jini. Emmanuella aliambiwa hayo siku alipoleta godoro lake. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima, kama unavyomwitikia bibi wa mtu mwingine.

Jumamosi shingo yake ikaanza kugeuka yenyewe kuelekea dirishani. Jumapili, kanisani, unyayo ulijikunja ndani ya kiatu kama ngumi, na kwaya ikiimba yeye alisikia chini ya sketi sauti nyingine, ya kamba inayovutwa taratibu na mtu asiye na haraka. Na Jumatatu mchana, ameketi uani anachambua mboga ya lengalenga, harufu ya ubani ikampanda puani, siku isiyo ya ubani, chetezo kimefunikwa kando ya ukuta, akainama kutafuta inakotoka, akainama zaidi, akaifuata mpaka gotini, mpaka chini ya goti, mpaka kwenye shavu la mguu, na pale ngozi ilikuwa ya moto na ndani yake kitu kilikuwa kinajinyoosha na kujikunja, kinajinyoosha na kujikunja, kama mgeni anayejaribu kitanda.

Alimweleza Mama Hidaya kwa kunong'ona.

"Ulitaja nini mule ndani ya moshi?"

"Masomo tu, Mama. Ni Kilatini. Majini hawajui Kilatini."

"Na wewe unakijua?"

Emmanuella akavuta nguo kuufunika mguu.

"Basi mumelingana."

Akaitwa Papa Alfani, kaka mkubwa wa Mama Hidaya, kutoka Kabimba anakopakia simenti. Kama ulingoja mganga wa ndevu ndefu, pole: alifika na vumbi jeupe kwenye kope, akaomba maji ya kunawa miguu. Alimwandikia Emmanuella kombe kwa zafarani kwenye sahani, akaliosha, akamnywesha, akawasha ubani. Kilichokabidhiwa kwa jina, alisema, kinadaiwa kwa jina.

Emmanuella akashika shingo. "Nervus accessorius ni wangu." Shingo ikalegea. Akashika unyayo. "Flexor accessorius ni wangu." Vidole vikafunguka. Akashika shavu la mguu. "Soleus accessorius..."

Meno yakagongana, kinywa chake kikaendelea bila yeye, kwa sauti ya mtu mzima mwenye adabu nyingi.

"Vyake nimerudisha. Huu hakukuwa nao. Alinitajia chumba chenye hakikuwepo, njo nikajenga mwenyewe."

Papa Alfani akamuuliza kama ni kweli. Emmanuella alikubali huku analia: daftari lilisema msuli ule ni wa ziada, watu wachache sana wanazaliwa nao, na yeye hakuwa mmoja wao. Mzee akafunika chetezo polepole.

"Mupangaji namufukuza," alisema. "Mwenye nyumba, mutoto yangu, simuwezi. Jina ile usiitaje tena. Ukiitaja, unamupa kiwanja ingine."

Jumatano ikawa siku ya mtihani. Daktari Barnabé, mwalimu wa anatomia, alikuwa anauliza mmoja mmoja mbele ya wenzake, juu ya mwili wenyewe. Alimsimamisha Emmanuella juu ya ncha za vidole vya miguu, akabonyeza shavu la mguu wa kushoto, hakuna kitu. Akabonyeza la kulia, dole gumba likakwama. Uso ukamng'aa. Miaka kumi na miwili anaufundisha msuli huu, alisema, hajawahi kuushika. Akawaita wote waje kuona. Kisha akamtaka Emmanuella autaje, jibu moja tu, na anatomia amepita.

Darasa zima likamtazama, na ubani ukawa unapanda kutoka ndani ya soksi yake, mzito, mtamu, na yeye akaona mikeka ya ndagala jua kali, akaona mikono ya mama yake ilivyochanika kwa chumvi, akaona mlango wa shule ukifungwa nyuma yake mara ya pili na ya mwisho, na akafungua kinywa, na hakuna aliyemfungulia ila yeye mwenyewe.

Alilitaja kikamilifu.

"Muzuri sana," Daktari Barnabé alisema, akaandika. Kisha akarudi kwenye mguu wa kushoto, awaonyeshe wanafunzi tofauti. Akabonyeza. Akabonyeza tena, halafu akauchomoa mkono haraka na kuutazama, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba tupu, akasikia "Karibu."