Kiwanja cha Mzee Kionja

Asubuhi hiyo saluni ilikuwa na pilikapilika zake za kawaida. Msusi alikuwa amemwinamisha mteja kwenye beseni, povu limemjaa viganjani, mume wake alipoingia bila hodi, bado kavaa koti la kazini kule ghalani, akamnong'oneza kwamba amepata kiwanja. Juu mlimani. Bei ya kutupa.

Msusi alicheka, maana huo ndio ulikuwa wimbo wao tangu waoane: kuhama vile vyumba viwili vya kupanga, juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, ambako moshi ulipanda ngazi pamoja na wapangaji na kulala nao kwenye mashuka. Aliyeumia kuliko wote alikuwa mama mkwe. Kikohozi kilimkunja kila alfajiri kama nguo inayokamuliwa. Msusi alimpenda mkongwe yule. Mama yake mzazi alifariki yeye angali mdogo, kwa hiyo neno mama alikuwa amelitumia kwa mtu mmoja tu maishani mwake. Kila Jumapili alimketisha kwenye kigoda na kumsuka nywele zake nyeupe, laini kama pamba, zilizojizungusha utosini kwa vizunguzungu viwili pacha. Mkongwe alisinzia huku anatabasamu.

"Mikono yako ina usingizi ndani yake, mwanangu," alikuwa akisema.

Wakaenda wote watatu kukiona kiwanja. Gari liliwafikisha nusu ya mlima, sehemu iliyobaki ikawa ya miguu, na mume akambeba mama yake mgongoni. Kilikuwa kizuri kuliko walivyoambiwa: kipande cha tambarare kwenye bega la mlima, mabonde yamelala chini, hewa safi mpaka kifua kinauma. Mama mkwe alivuta pumzi ndefu na hakukohoa hata mara moja.

Muuzaji alikuwa mzee mnene mwenye midomo inayolowa kila wakati. Watu walimwita Mzee Kionja. Hawakuhitaji kuuliza sababu. Aliinama, akachota udongo, akautia mdomoni. Akautafuna taratibu, kafumba macho, kama mpishi anayeonja mchuzi. Kisha akameza. Msusi alilisikia koo lake likivuta lile tope, na yeye mwenyewe akajaa mate ya kichefuchefu.

Mzee hakujali sana karatasi. Alichotaka kujua ni kama mama naye angeishi hapo. Alipoambiwa ndiyo, alimtazama mkongwe kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anavyoitazama nyama iliyotundikwa buchani, akapunguza bei bila kuombwa. Walipopeana mikono, kiganja chake kilikuwa laini na chenye utelezi. Msusi alijifuta kwenye sketi. Harufu haikutoka mpaka aliporudi mjini na kunawa kwa dawa ya kusafishia vitana.

Kununua kulikuwa mchezo. Kujenga ndiko kulikowatoa jasho. Saruji iliyopatikana mjini kwa bei ya mtu na akili zake ilipofika juu, kwa migongo ya punda, ilikuwa imegeuka dhahabu. Mchanga nao vivyo hivyo, na mabati, na hata maji. Mume akauza pikipiki. Msusi akauza mashine zake mbili za kukaushia nywele, akabaki anawaanika wateja juani, na wao wakamtania kwamba saluni imegeuka uwanja wa kuanikia samaki. Alicheka nao. Angefanya nini?

Ila msingi ulikataa. Fundi, mwashi wa makamo aliyejenga nusu ya nyumba za upande ule, alichimba mtaro na kuukuta asubuhi umejifumba, kingo zimegusana kama midomo. Alipoujaza mawe, mawe yakazama. Ukuta wa kwanza ukapasuka kabla haujafika kiunoni. Fundi alikuna kichwa, akasema labda waache. Waache, wabaki na nini? Kila walichokuwa nacho kilikuwa kimelala pale chini.

Mume akaenda kwa Mzee Kionja peke yake. Alirudi jioni. Hakula.

Jumapili iliyofuata, Msusi alipomaliza kumchana mama mkwe, mume alikuwa amesimama mlangoni. Akasema angezitupa yeye zile nywele zilizobaki kwenye kitana. Hajawahi kushika hata ufagio, huyu. Msusi akadhani ni mapenzi tu, mtu anakumbuka kwamba ana mama. Wiki iliyofuata akazichukua tena. Na iliyofuata.

Kuta zikasimama. Fundi akasifu saruji, akasema sasa inashika kama gundi. Nyumba ikamalizika, nyeupe, yenye dirisha kubwa la kutazama bonde, na wakahamia.

Wageni waliopanda kuwatembelea walisema hawa wamefika peponi kabla ya kufa. Msusi alikubali kwa kichwa na kuwasogezea viti katikati ya sebule, mbali na ukuta. Kwa sababu kuta zilikuwa zinatoka jasho. Si unyevu. Unyevu alikuwa anaujua. Haya yalikuwa matone mazito yenye mafuta, na kitambaa alichoyafutia kilibaki na uji wa kijivu ulionuka kama kinywa cha mtu aliyelala na njaa. Akasugua kwa sabuni. Akasugua kwa dawa ya choo. Kesho yake jasho lilikuwa palepale, na lilikuwa la uvuguvugu.

Mama mkwe hakukohoa tena. Lakini alianza kupungua. Nywele zilimtoka kwa mafungu mpaka kitambaa cha kichwani kikawa kinateleza. Kucha zikalainika kama maganda ya kitunguu, zikabanduka moja baada ya nyingine bila damu wala maumivu, na yeye akaziweka pembeni ya sahani huku akila uji. Ngozi ya mikono ikalegea, ikawa inasogea kivyake. Daktari wa mjini alimpima, akasema ni uzee tu.

Mume alizidi kunenepa. Akawa na tabia ya kula huku mkono wake wa kushoto umelala ukutani, akiupapasa taratibu. Vidole vilipokuwa vinang'aa mafuta, alivipeleka mdomoni pamoja na tonge. Msusi aliona. Akajiambia hakuona.

Kisha ikaja ile adhuhuri ya ukungu.

Mume alikuwa nje akipanga kuni. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake, amelala. Msusi alisogeza kitanda chake mwenyewe ili afagie, akakuta nyuma yake lipu imevimba. Uvimbe mkubwa kama sufuria, rangi imevutika, inang'aa. Akaubonyeza kwa kidole.

Ulikuwa laini.

Ukapasuka. Kitu cha njano kikamtiririkia kiganjani, kizito, chenye joto, kikashuka hadi kwenye kiwiko. Harufu yake ilimfanya atapike papo hapo, juu ya miguu yake. Alipofuta macho, akatazama ndani ya lile tundu.

Kulikuwa na nywele.

Hazikuwa zimechanganywa na saruji, kama zinavyoweza kuchanganywa na fundi mchafu. Zilikuwa zimeota. Nyeupe, laini, zimetoka kwenye ngozi yenye vitundu, na ile ngozi ilikuwa na jasho. Na palikuwa na vizunguzungu viwili, kimoja karibu na kingine. Mtu anayesuka kichwa kimoja kila Jumapili hakosei kichwa hicho.

Hakujua kwa nini mkono wake ulinyanyuka. Ulinyanyuka tu. Akazigusa.

Kutoka chumba cha pili, sauti ya mama mkwe ikaja, ya usingizi, ya raha.

"Hapohapo, mwanangu. Lakini leo mikono yako ni ya baridi."

Msusi aliuchomoa mkono. Alitoka nje, akamkuta mume amesimama barazani, na usoni pake akasoma kwamba alikuwa anajua.

"Ulimpa nini yule mzee?" alinong'ona.

"Nywele tu."

"Nywele za mama yako."

"Alisema nyumba inataka mtu wa kuishika." Mume alikuwa anatazama miguu yake. "La sivyo angekutaka wewe, au mimi. Mama amekwisha kula chumvi ya kutosha."

Msusi alimtazama midomo. Ilikuwa imelowa. Aliwahi kuibusu midomo ile.

"Tuibomoe," alisema.

"Tubomoe?" Mume akainua macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kuumia kwelikweli. "Wewe unajua nyumba hii imetugharimu nini?"

Msusi aliingia ndani, akamfunga mama mkwe kwenye shuka, akamweka mgongoni. Mkongwe alikuwa mwepesi kama kapu tupu, lakini alipomnyanyua kutoka kitandani alinata. Shuka ilikuwa imeshikana na godoro, godoro na ukuta, kwa nyuzi ndefu za ute. Msusi akavuta. Mama akalia. Ukuta nao ukatoa sauti, ya chini, kama mtu anayebanduliwa bandeji. Akavuta tena. Zikakatika.

Mume hakumzuia. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye fremu ya mlango, anaibembeleza.

"Mwache mama," alisema polepole. "Nani atabaki?"

"Baki wewe," Msusi akasema, na akashuka.

Alikutana na Fundi chini kidogo, anapandisha punda mwenye mabati ya mtu mwingine. Fundi alimwona alivyo, amelowa yale ya njano mpaka kiunoni. Alishusha mabati kando ya njia, akampandisha mkongwe juu ya punda, akashika kamba. Safari nzima aliziba pua kwa ukosi wa shati.

Mjini walirudi kwa yule mwenye vyumba juu ya karakana. Msusi alikubali moshi kama mtu anayekubali manukato. Mama mkwe akaanza kukohoa, na kila akikohoa Msusi alishukuru. Vinywele vyeupe vikachomoza upya utosini, kucha nazo. Akaomba nyama. Akaanza kutania wateja saluni.

Kuhusu mwanawe aliuliza mara moja tu. Msusi alimwambia kwamba amebaki kuangalia nyumba, na mkongwe akageuza uso dirishani.

Mume alipiga simu mwanzoni. Alisema yuko salama, nyumba iko salama. Maneno yake yalikuja na maji maji, kana kwamba anaongea huku ana chakula mdomoni, na nyuma yake hakukuwa na sauti ya upepo wala ndege. Mara ya mwisho hakusema kitu. Ilisikika pumzi tu, pana mno, kama ya chumba kizima kikipumua. Msusi alikata, akaosha simu kwa spiriti.

Fundi ndiye aliyekwenda kumtazama, kwa kuombwa. Alirudi akasema mlango ulikuwa wazi na kila kitu mahali pake. Kuta zilikuwa kavu kabisa. Hakukuwa na harufu yoyote. Sebuleni alikuta nguo za mwanamume zimetandazwa ukutani, suruali, shati, hadi soksi, bila msumari wala kamba. Alijaribu kulibandua shati. Halikubanduka. Fundi alieleza hayo huku anajifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena, na tangu hapo hajakubali kazi ya mlimani.

Jumapili moja Msusi alipasha maji amwogeshe mama mkwe. Mkongwe alikuwa amenawiri, anaimba kwa mguno, ameketi kwenye kigoda mgongo wazi. Msusi akachovya kitambaa, akausugua mgongo.

Mgongo ule ulikuwa na mistari. Mistari iliyonyooka, ya kulala, na mingine mifupi ya kusimama iliyopishana, safu juu ya safu, kuanzia mabegani mpaka kiunoni, kama fundi anavyopanga matofali. Haikuwa alama za mkeka wala za shuka. Alipoipitishia kidole ilikuwa migumu, imezama kidogo, na ya baridi.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

"Sijanyamaza, mama," alisema, akaendelea kusugua. Alipokamua kitambaa, maji yalitoka ya kijivu, na chini ya beseni ukatua mchanga.