Picha ya Stendi ya Bariadi

Kila siku baada ya shule, Nyanjige alipita stendi ya Bariadi. Pale mbele ya duka la simu, mama yake, Jenifer, aliuza michembe, viazi vitamu alivyovikata na kuvianika mwenyewe. Zamani Nyanjige alikaa naye mpaka jioni. Lakini tangu aingie darasa la sita alikuwa akivuka barabara na kupita upande wa pili, maana Violeth na wenzake wa darasani walimtania kwamba sare yake inanuka michembe.

Shuleni hakuna aliyemfikia kwa kuchora. Siku ya wazazi ilipokaribia, Mwalimu Salvatory alimpa kazi ya kuchora picha kubwa ya mji. Nyanjige akachora stendi wakati wa pilikapilika: makondakta wakigombea abiria, bodaboda zikipenya katikati ya watu, lori limeelemewa na marobota ya pamba. Mama yake naye alimchora, ameinama juu ya ungo. Kisha akamkumbuka Violeth. Akachukua kifutio, akamfuta mama, na mahali pake akachora gari la kifahari.

Siku yenyewe wazazi na wageni wa shule walijazana mbele ya picha.

"Huyu ni mimi kabisa!" alicheka Selestini, dereva wa bodaboda.

Jenifer alikuja amevaa kitenge kipya. Kidole chake kilifuata watu kwenye picha mmoja mmoja, kikafika kwenye duka la simu, kikatulia. Chini ya rangi ya gari, alama za ungo zilionekana bado.

"Hapa si ndipo ninapokaa?" aliuliza taratibu.

"Nilisahau, mayu," Nyanjige alimjibu mama yake kwa Kisukuma, macho chini.

"Umechora vizuri, mwanangu," alisema mama yake, akaondoka kabla ya chakula.

Jumatatu Nyanjige alimweleza mwalimu kila kitu huku akilia, akaomba airekebishe picha.

"Wageni wetu waliipenda, wakaondoka nayo," alisema Mwalimu Salvatory. "Hairudi tena."

Jioni ile Nyanjige hakuvuka barabara. Alichuchumaa kando ya mama yake, wenzake wakipita wakimtazama.

"Mayu, sikusahau. Nilikufuta. Niliona aibu. Nisamehe."

Jenifer alimaliza kwanza kumpimia mteja. "Nilijua," alisema. "Tangu ulipoanza kupita upande ule, nilikuwa nakuona."

Nyanjige alilia mpaka kwikwi ikamshika. Mama akamsogezea kigoda. "Nimekusamehe. Kaa."

Wiki mbili alikaa pale akichora upya, na safari hii mama alikuwa katikati ya picha. Mwalimu Salvatory aliibandika darasani.

"Ile ya kwanza iliwafurahisha watu, lakini ilikuwa ya uongo," alimwambia. "Daftari zako na penseli zako zinatokana na michembe ya mama yako. Usimwonee tena aibu mtu anayekuhangaikia. Umekosea, umekiri, na hii ni picha ya kweli. Lakini ile nyingine iko ukutani kwa watu, na mama yako hayumo. Hilo, mwanangu, siwezi kukusaidia kulifuta."

Nyanjige aliitikia kwa kichwa.