Kiboko Aliyetoka Kitabuni

Mpunga ulipoanza kukomaa, Pelagia alishinda shambani akiamia ndege. Alikaa juu ya dungu, jukwaa la miti, pamoja na binti yake Imakulata, mwenye miaka minne. Kwelea wakitua, walipiga debe na makelele. Wakiruka, Pelagia alifungua kitabu.

Alikiazima maktaba ya kijiji kwa wiki moja tu. Yeye mwenyewe alishika kitabu mara ya kwanza katika darasa la watu wazima, akiwa na miaka ishirini na tisa, akiogopa hata kufungua ukurasa. Hakutaka mwanawe aogope hivyo. Alitaka Ima apende kitabu tangu udogoni.

"Haya, soma na mama," alisema. Akaziba picha kwa kiganja. "Ki-bo-ko."

"Mama, toa mkono."

"Picha baadaye. Herufi kwanza. Ki..."

Siku ya tatu, Ima alipoona kitabu kinatoka kwenye kikapu, alishuka dunguni mbio.

"Sikitaki! Kitabu kibaya!"

Jamani, maneno yale yalimchoma Pelagia! Alikaa akalia, na kwelea wakala mpunga kwa raha zao.

Jioni alikwenda kwa Verdiana, mwalimu wa lile darasa la watu wazima, ambaye pia alitunza maktaba.

"Mwalimu, mwanangu amekichukia kitabu. Nimekosea wapi?"

"Hebu nionyeshe mnavyosoma."

Pelagia alifungua kitabu, akaziba picha. Verdiana alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Ima! Hayo umeyatoa wapi?"

"Kwako! Si wewe unatuzibia picha darasani?"

"Nawazibia nyie kwa sababu mnakisia! Mkiona picha ya jembe mnapayuka 'jembe', herufi hamjaziangalia. Lakini mtoto mdogo mwache akisie. Mpakate. Afungue kurasa mwenyewe. Muulize anaona nini. Akitaka ukurasa uleule mara kumi, msomee mara kumi."

"Na mimi nikikwama?"

"Simulia kwa maneno yako. Hata kwa Kipimbwe chetu cha nyumbani. Nani atakupiga?"

Kesho yake Pelagia alimpakata Ima dunguni. Mtoto alinuna. Pelagia akafungua kitabu, mkono kauweka pembeni.

Msichana kwenye picha alikuwa amefungua kitabu. Mto ulimwagika kutoka kwenye kurasa zake, na kiboko alichungulia, masikio yakichuruzika maji.

"Mama! Kiboko katoka kitabuni!"

"Ehee! Anataka nini?"

Ima alifikiri. "Anataka asomewe."

Pelagia alisoma polepole, kidole chini ya maneno: "Nisomee, nami nitarudi mtoni." Kumbe mtoto amepatia! Walicheka wote wawili.

"Tena, mama. Tena!"

Baba yake Ima, Gaspar, alikuja na viazi vya kuchemsha.

"Nyie! Ndege wanatumaliza!"

"Shii, baba. Kiboko anasikiliza."

Gaspar alipiga debe, kisha akapanda dunguni. Aliposhuka viazi vilikuwa vimepoa.

"Sasa yule kiboko alirudi mtoni?" Gaspar aliuliza walipokuwa wakirudi nyumbani. Ima alimsimulia yote, ukurasa kwa ukurasa.

Siku ya kurudisha kitabu, Ima alikibeba mwenyewe, kakikumbatia kifuani. Verdiana aliwapokea mlangoni mwa maktaba.

"Ndicho kile kitabu kibaya?" alimtania. Akakifungua, akaziba picha kwa kiganja chake.

Ima aliuinua ule mkono, kidole kimoja kimoja.

"Toa, mwalimu. Kiboko atakosa pumzi."

Pelagia alicheka huku machozi yakimtoka. Siku hiyo walirudi nyumbani na vitabu viwili, na kimoja alikuwa amekiagiza Gaspar.