Ken na Bia za Mbali

Siku ya soko mjini Migori, friji ya baa ilizimika wateja wakiwa wamejaa hadi mlangoni. Truphena, msimamizi wa kaunta, alikuwa amevaa gauni la kijani na kusuka nywele upya. Alikuwa akilaumiwa kutoka kila meza fundi Ken alipoingia na ovaroli la buluu.

“Bia zote zimekuwa moto,” alimwambia.

“Si kuna watu hunywa moto?”

“Hao ni wazee. Hawa vijana watanimeza mimi.”

Friji ilipoanza kunguruma tena, Truphena alimfungulia fundi chupa ya shukrani. Ken akairudisha kwa kidole kimoja.

“Mimi ni Msabato, jaber. Hata chai sinywi.”

“Usiniite mrembo kabla sijakulipa. Sasa nikupe nini?”

“Namba yako ya simu.”

Walipendana haraka. Ken alimpeleka Homa Bay kwa dada yake, Cate, na huko wakaanza kuitwa bwana na bibi arusi kwa utani. Kisha wakala mmoja akampatia Ken kazi ya kutengeneza friji za hoteli nchini Thailand. Truphena aliogopa. Ken akacheka, akamwahidi kumwoa akirudi, akamkumbatia, akaondoka.

Akanyamaza kwa muda mrefu. Hatimaye simu ikalia Jumamosi moja mchana.

“Babe, huku ni raha tu!” Ken alisema kwa sauti ya juu. “Bia wanaweka barafu kwa glasi! Chang ndiyo ya wengi, ina ndovu wawili. Singha ni ya wenye nazo, ina simba wa dhahabu. Mimi nazimaliza zote.”

“Wewe? Bia?”

“Mtu hubadilika, mpenzi.”

“Nani amekubadilisha? Ana jina?”

Truphena alikata simu kwa hasira. Hakujua kwamba mwanamume mwenye fimbo ya umeme alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Ken, akisikiliza. Hapakuwa na hoteli. Palikuwa na ukumbi uliofungwa, na safu za vijana waliolazimishwa kuwatapeli watu mitandaoni. Kila mmoja aliamriwa kuwapigia jamaa zake na kusifu maisha, ili na wengine wavutwe. Yule msikilizaji alikuwa Mkenya. Kiswahili alikijua, na Kidholuo pia.

Jioni Truphena alikuwa akipangusa glasi alipokumbuka Jumamosi moja, kabla Ken hajasafiri, alipoitwa friji ikivuja. Mwenye baa alimtukana mpaka akachoka, na bado Ken hakugusa spana hadi jua lilipozama. Mtu huyo ndiye anayejisifu ulevi siku ya Sabato? Glasi ilimponyoka mkononi. Ken hakuwa akiongea naye peke yake; kulikuwa na mtu akisikiliza.

Simu ilipolia tena, aliipokea haraka. Akacheka.

“Mlevi wangu! Wiki hii umeonja gani?”

“Angkor,” Ken alisema. “Huku nilipo sasa watu wanapenda hiyo. Kwa chupa kuna picha ya hekalu la mawe.”

“Na Singha?”

“Singha niliiacha nyuma.”

“Kunywa polepole, sawa? Nakupenda.”

“Nakupenda, jaber.”

Truphena alikimbilia duka la simu la Ahmednur, jirani yake, mtu ambaye hajawahi kugusa pombe. Ahmednur akatafuta jina la bia hiyo kwenye mtandao.

“Dada, hii si bia ya Thailand. Ni ya Kambodia.”

“Basi wamemvusha mpaka.”

Yeye na Cate walipiga ripoti kila mahali walipoweza. Baada ya hapo simu ya Ken ilizimwa kabisa. Truphena alihudumia wateja huku akijiuliza: na kama wamegundua? Na kama maswali yake yamemuua? Kila simu ilipolia aliogopa kuipokea, na kila iliponyamaza aliogopa zaidi.

Ken alirudi msimu wa mvua, baada ya jengo alilofungiwa kuvamiwa na polisi. Truphena alimkuta Homa Bay, sebuleni kwa Cate, amekaa sakafuni ameegemea mlango wa kuingilia. Shati jeupe lilimning’inia mabegani.

“Nilikukatia simu,” Truphena alisema. “Nisamehe.”

“Ulipokata, yule mtu alicheka, akaenda kwa mwingine. Nikapata nafasi ya kulia.” Akatazama mikono yake. “Wenzangu wawili hawakutoka.”

Truphena alikaa kando yake. Mvua ilipiga mabati kwa kishindo na Ken akaruka.

“Ulisema utanioa.”

“Nitakuoa. Lakini siwezi kulala, Truphena. Nikiacha kuegemea mlango, naona wanaingia.”

Truphena alimsogeza taratibu, akaketi pale alipokuwa ameketi yeye, akaubana mgongo wake mlangoni na kunyoosha miguu.

“Mimi nimeegemea,” alisema. “Wewe lala.”

Ken akaweka kichwa mapajani mwake. Alifungua macho mara nyingi kuhakikisha kama bado yupo. Halafu hakuyafungua tena mpaka jioni.