Mguu wa Baba Yake Bi Verlene

Sindano ya gramafoni ilikuwa imeshainuliwa, lakini mguu uliendelea kupiga sakafu.

Du. Du. Du.

Otha Tubbs, fundi wa kusafisha sauti za santuri kuukuu mjini Greenwood, Mississippi, alichungulia chini ya meza, kisha akamtazama kambare wa kukaanga kwenye sahani yake, akamshuku. Saa saba mchana, jua la kuunguza. Jini gani huyo asiyeheshimu mapumziko ya chakula?

Santuri ilikuwa ya Bi Verlene, ajuza wa miaka tisini na moja. Baba yake alirekodiwa mara moja tu, mwaka 1930, yeye na gitaa lake. Wapiga gitaa waliozaliwa juzi bado wanaiga vidole vile. Bi Verlene alitaka sauti ya baba tu, aisikie kabla hajafumba macho. Otha alikuwa ameihamishia kwenye kompyuta na kufuta kila uchafu wa sauti, mikwaruzo na kelele.

Kesho yake karakana ilinuka nta ya moto na tumbaku ya kutafuna. Siku ya tatu mguu wa kulia wa Otha ulianza wenyewe, ukapiga benki kwenye foleni, ukapiga kanisani mchungaji alipoomba kimya, waumini wakadhani ni Roho na kuitikia, ukapiga na kupiga hadi soli ya raba ikaachia na kucha zikawa nyeusi, naye hakuweza kuuzuia hata alipoukalia.

Akampigia simu Bi Verlene. Bibi akaja, akasikiliza wimbo uliosafishwa.

“Mguu wa baba uko wapi?”

“Niliufuta, mama. Ilikuwa kelele.”

“Kelele.” Alishusha sauti. “Wale wa kurekodi walimwekea mto chini ya kiatu, kishindo kisiwaharibie nta ya kurekodia. Akausukuma kwa kisigino. Wao walishindwa, wewe mwerevu umemkata mguu. Sasa anatembelea wako.”

“Nifanyeje?”

“Mrudishie, mwanangu. Upesi.”

Otha akarudisha mikwaruzo yote, na mguu. Wimbo ukaanza. Du, du, du, ndani ya wimbo sasa. Mguu wa Otha ukatulia. Bi Verlene akatabasamu, chozi likamtoka. Kisha akakunja uso.

“Otha. Baba aliimba na nani?”

“Peke yake, mama.”

“Mbona miguu miwili?”

Otha akatega sikio. Mmoja mzito, wa buti. Wa pili mwepesi, unalia kama raba iliyoachia soli.

Akainuka kwenda kuzima. Alipiga hatua nne kwenye mbao.

Zilisikika mbili, za mguu wa kushoto tu.