Mmoja wa Mwenye Kilima

Ile punje ya mahindi ilikuwa imelowa, na hilo lilimkera Mdoe. Kutwa nzima jua lilikuwa limewaka juu ya kilima cha Kwalugulu, kibuyu kikavu, mfuko wake mkavu, halafu jioni anamimina punje zake na moja inamng'ang'ania kidoleni ikinuka nyama iliyolala. Akaifutia kwenye suruali, akairudisha kibuyuni. Mkaidi hakosi sababu ya kila kitu, na Mdoe alikuwa mkaidi wa kuzaliwa.

Hiyo ilikuwa vuli ya kwanza tangu wahamishiwe kijiji cha Ujamaa. Watu wa Kwalugulu waliacha mahame na makaburi yao kilimani, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, si mbali na Kabuku. Bwana nyama, afisa wa wanyamapori, alipokuja kuomba watu wa kujitolea kuhesabu tai, mwewe na kozi wanaopita angani wakifuata mvua na kumbikumbi, Mdoe alinyoosha mkono kabla mgeni hajamaliza kusema. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: unakaa kilimani, unatazama juu, kila ndege unamtilia punje moja kibuyuni.

Mama yake, Bibi Fatu, hakumkataza kwenda. Alimsihi tu afanye kama walivyofanya wazee wa Kwalugulu walipohesabu mbuzi wao au hata wajukuu: mmoja anaachwa nje ya hesabu, huyo ni wa mwenye kilima. Mwenyewe yupo, alisema, na asipoachiwa chake hukifuata. Mdoe alicheka mpaka akakohoa. Akasema hesabu ya serikali haiachi kitu, na mambo ya kuogopa vilima yamebaki kule kwenye mahame. Akawahesabu wote, hata yule tai mweusi aliyekuja nyuma ya wenzake siku ile, akipita chini chini bila kupiga bawa, wala kivuli chake hakikuonekana kwenye nyasi.

Harufu ilimfuata nyumbani. Chausiku, mkewe, alifua ile suruali, akafukiza nyumba, akageuza vyungu akidhani panya amefia humo. Kisha sauti ikaanza. Kila Magharibi, mvua ikinyesha, kitu kilitua juu ya makuti, kikatembea taratibu hadi juu ya chumba cha watoto, na hapo kikaanza kuhesabu kwa sauti ya Mdoe mwenyewe. Mmoja. Wawili. Watatu. Kikinyamaza kidogo, kinaanza upya.

Watoto walikuwa watatu: Tatu, Sadala na kitinda mimba Isihaka, ambaye hata kwenda msalani alishika upindo wa khanga ya mama yake. Mdoe alimpenda huyo kupita kiasi, na kila mtu alijua.

Jioni moja Chausiku aliingia gizani kuwafunika, akapapasa miguu yao kama mama yeyote anavyofanya, akagusa mguu wa Tatu, akagusa wa Sadala, akagusa wa Isihaka wenye kidonda cha funza, halafu mkono wake ukaenda mbele zaidi ukakuta mguu mwingine mdogo, wa baridi, nao una kidonda palepale, akarudi kinyumenyume hadi ukutani akishindwa hata kupiga kelele kwa kuogopa kumwamsha asiyemjua. Mdoe alipoleta koroboi, waliolala mkekani walikuwa watatu.

"Wako wanne," mkewe alinong'ona. "Mwanga ukija, mmoja anajificha ndani ya mwenzake."

Kiburi chote kilimtoka Mdoe. Alfajiri alikwenda Mnyuzi kumtafuta Mzee Hiza, aliyekuwa akitengeneza njia ya reli siku za kazi na kupunga majini siku za mapumziko. Hiza alimsikiliza, akamuuliza kama kweli hakumwacha hata mmoja. Mdoe akainamisha kichwa.

Wakaja pamoja. Hiza alifukiza ubani kuzunguka nyumba, akamsimamisha Mdoe mlangoni na taa, watoto wakiwa ndani, wamelala.

"Waite mmoja mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Akitoka, mulika uso wake, mtazame macho mpaka ujione humo. Usipojiona, mrudishe ndani. Ukiridhika ndipo umwite mwingine. Atakayebaki bila jina nitamfunga, arudi kilimani kwake. Usiharakishe, mwanangu."

Mvua ilishuka, juu ya makuti kile kitu kikaanza kuhesabu, na Mdoe, aliyesikia sauti yake mwenyewe ikifika watatu na kuendelea mbele, akasahau yote aliyoambiwa, akaita Tatu na Sadala na Isihaka kwa pumzi moja, kama alivyokuwa akihesabu kundi linalopita kwa kasi, wakamjia gizani wamebanana, watatu, akawakumbatia huku taa ikimponyoka na kuzimika matopeni, na Hiza, aliyesikia majina yote matatu yakiitwa, akaufunga mlango akaanza kusoma.

Ndani, mtoto akalia. "Baba, mbona umenifungia? Mimi Isihaka."

Isihaka alikuwa ameshika mkono wa baba yake. Mdoe akaubana, akajiambia jini ni mwongo, na hakufungua. Kilio kikapanda juu, kikatoboa makuti, mbawa kubwa zikapiga kuelekea kilimani, kisha kimya. Harufu ikaisha usiku uleule. Hiza akapewa kuku wake akaenda zake.

Masika yakaja. Yule mtoto mdogo alikula, alicheza, hakuugua hata mafua. Ila Chausiku hakumwita tena kwa jina. Alisema "wewe" au "njoo", na Mdoe akaona uchungu, akamuuliza mkewe mtoto amemkosea nini.

Chausiku alikuwa akipepeta mahindi. Hakuinua uso.

"Nilimwita mara moja, kule kisimani," alisema. "Huyu aliitika, alikuwa kando yangu. Na kilimani akaitika mwingine, Baba Tatu. Yule wa kilimani alikuwa analia."

Mdoe akageuka. Mtoto alikuwa amekaa kizingitini akimsikiliza, haonyeshi huzuni wala furaha. Akamwinua kidevu, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akatafuta sana humo, na hakujiona.